Bakuli Lisiloenda Shikome

Kambi nzima ilimsifu binti yangu kwa unene, na kadiri walivyomsifu ndivyo nilivyozidi kuwachukia.

"Limi amenawiri," alisema nyapara wetu, Bartholomeo, kila alipopita mlangoni kwangu. "Tazama mashavu hayo. Donatus, wewe unalisha mtoto."

Mama yangu aliposikia hivyo alijifunga kanga upya na kuketi wima. Alikuwa ametoka kwetu Ibadakuli kuja kutulelea mtoto, na unene wa mjukuu ulikuwa cheo chake pale kambini. Mashavu niliyaona hata mimi. Lakini niliziona na nywele, zilizokuwa nyeusi ti, sasa zimegeuka nyekundu na laini kama ndevu za hindi bichi. Nilimwona kuku akija kumnyang'anya mtoto kipande cha kiazi mkononi, na mtoto akamtazama kuku bila hata kukunja uso.

Mke wangu Nyamizi ndiye aliyelisema kwanza. "Baba Limi, mtoto aliyeshiba hulia akinyang'anywa. Huyu ameisusa dunia."

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, katika kambi ya wachimbaji upande wa Geita, ambako nilikuwa nasukuma toroli za mawe chini ya ardhi. Nyamizi alikuwa na mimba ya pili, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwetu, mwanamke akishika mimba, maziwa yake huhesabiwa kuwa ni ya yule aliye tumboni. Anayenyonya huachishwa siku hiyohiyo, asije akanywa cha mwenzake kikamdhuru. Asubuhi mama alipaka shubiri kwenye matiti ya Nyamizi, na jioni Limi alikuwa amekwisha kuwa mtoto wa uji. Uji wenyewe mweupe, wa muhogo. Mchana ugali wa muhogo. Jioni ugali huohuo na mlenda. Alikula, kisha akala kidogo, kisha akawa anageuza uso tu, na huku anavimba na kusifiwa.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kumkabidhi chakula cha mwanangu.

Nilianza kwa Herman, dresa wa kambi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Herman hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na nje ya chumba chake palikuwa na foleni ya wanaume waliopondwa vidole na mawe. Alimfunua Limi kope, akamgonga tumbo, akanirudishia.

"Nina watu wanavuja damu pale nje, nawe unaniletea mtoto aliyeshiba?"

"Hali chakula, Bwana Dresa."

"Kama hali, amenenepa kwa nini? Kwa upepo?"

Foleni ikacheka. Herman akanipa dawa ya minyoo, akaninyooshea kidole. "Na usianze kumzungusha huku na huku. Watoto wa kambi hutibiwa kambini."

Nikaenda dukani kwa Zakir, kwa sababu mtu mmoja aliniambia kwamba Wahindi huwapa watoto wao unga wa kopo. Zakir alinishushia kopo lenyewe kutoka rafu ya juu. Lilikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu anacheka.

"Huyu wa kwenye kopo alikuwa anaumwa nini?" nikamuuliza.

Zakir akaigeuza ile picha, akaitazama kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Hakuumwa. Ndiyo maana wakampiga picha." Akalirudisha kopo juu mwenyewe. "Sikiliza, kijana. Mimi nauza kopo. Nikuuzie dawa ya mtoto ambaye sijui anaumwa nini, nitakuwa mwizi."

Nilimheshimu kwa neno lile. Njiani nikatambua kilichokuwa kinanikera tangu asubuhi. Mmoja ameniambia nimpe hiki, mwingine amenionyesha kile, na wakubwa wa kambi wote walikuwa na la kwao la kumpa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto huyu anakula nini.

"Yupo anayeuliza," Nyamizi akaniambia nilipolisema hilo. "Yupo nesi pale misheni, njia ya Kharumwa, anapima watoto. Anaitwa Serafina. Wanawake kisimani wanamsema vibaya. Wanasema anauliza maswali mpaka unajuta kwenda."

"Basi huyo ndiye ninayemtaka."

Mama alikuwa anatwanga. Akausimamisha mchi. "Serafina? Yule msichana? Hajaolewa, hajazaa, hajawahi hata kufunga mbeleko. Atakufundisha nini mimi niliyelea saba?"

"Mayu, Herman ana watoto sita na hakuniuliza swali moja."

"Mwanamume akianza kuzungukazunguka na mambo ya uji," alisema mama, "ujue kazi imemshinda."

Kesho yake nilikuwa na mapumziko. Nyamizi miguu ilikuwa inamlemea kwa mimba, hakuweza kumbeba mtoto mwendo ule wote, na mama aligoma kwenda. Nikaichukua kanga ya mke wangu, nikamweka Limi mgongoni, nikafunga fundo kifuani. Nyamizi, aliyekuja nami mikono mitupu, alitaka tusipite kisimani. Nikapita palepale kisimani.

Wanawake walinyamaza, kisha mmoja akashindwa kujizuia. "Shemeji, ukichoka kunyonyesha utuite."

"Nitakuita wewe," nikamjibu. "Kwa mdomo huo, unatosha watoto wawili."

Walicheka mpaka ndoo ikaanguka. Nyamizi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mtoto aache kulia. Tukaenda.

Serafina alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na vazi jeupe lililofuliwa mpaka likachoka. Alikuwa ametundika mizani kwenye boriti ya banda, na akina mama wamekaa chini kwenye mkeka. Aliponiona na mbeleko yangu hakucheka wala hakunisifu. Alimchukua Limi.

"Nani anapika kwenu?"

"Mama yangu."

"Nani anamlisha mtoto?"

"Mama yangu."

"Basi mbona umekuja wewe?"

"Nimekuja kwa sababu wengine wote wanamwona mzima. Kama na wewe unamwona mzima, nipe mtoto wangu niende."

Akanitazama vizuri, kisha akapiga magoti mbele ya Limi. Akauweka mguu wa mtoto kwenye kiganja chake, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akashikilia, akaachia. Palibaki shimo. Tulilitazama shimo lile, mimi na Nyamizi, tukingoja lijae. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye ugali uliopoa.

"Mtu mnene ukimbonyeza, nyama inarudi," alisema Serafina. "Haya ni maji. Mtoto wenu amekonda ndani ya maji. Jana alikula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Mlenda."

"Baba Limi, mgodi unatoa posho. Najua, kaka yangu alifanya kazi hukohuko. Unga, maharage, karanga, dagaa. Maharage yanakwenda wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nyamizi ndiye aliyejibu, polepole, macho yake yakiwa chini. "Shikome."

Kwetu Usukumani, shikome ni moto wa wanaume. Jioni wanaume wa majirani hukaa pamoja kuuzunguka, na kila nyumba huwapelekea bakuli lake. Wanaume wa kambi, ingawa walitoka kila pembe, walikuwa wameuiga moto huo na kuupenda. Hakuna mke anayekubali bakuli lake liitwe la njaa mbele ya wanaume. Kwa hiyo kilicho kizuri nyumbani huenda kule: dagaa, maharage ya karanga, nyama ikipatikana. Wanawake na watoto hubaki jikoni na ugali na kilichoganda kwenye chungu. Nilikuwa nimekula shikome maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza chungu kilibaki na nini.

"Kwa hiyo dawa ya mtoto huyu mnayo," alisema Serafina. "Mnaipeleka nje kila jioni."

Akatupa maziwa ya unga ya misheni na kutufundisha: unga wa mtama, karanga zilizotwangwa, dagaa waliosagwa wakawa kama vumbi, vyote katika uji, apewe kidogokidogo mara nyingi, na bakuli lake lipakuliwe kabla ya bakuli lolote nyumbani. Kisha akasimama kati yetu na njia.

"Sasa sikieni jambo litakalowafanya mnikimbie. Kabla hajapona, atakonda. Maji yatatoka na mtaona mifupa. Siku hiyo kambi nzima itasema Serafina amemmaliza. Utasimama, Baba Limi?"

"Nitasimama."

"Wanaume wengi husimama wakiwa hapa kwangu. Wakifika kwao hukaa." Akamfunga Limi mgongoni kwangu kwa mikono yake, fundo zuri kuliko langu. "Na mama yako aje. Mwenye mwiko ndiye mgonjwa wangu wa kwanza."

Nilirudi na maneno yale nikayamwaga yote mbele ya mama, hata lile la kukonda. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Bakuli la nyumba yangu halijawahi kukosa shikome," alisema. "Alipokufa baba yako, siku ya msiba, lilikwenda."

"Leo la dagaa halitakwenda, mayu. Litakwenda la mlenda."

"Watanicheka mimi, si wewe. Watasema mama yake Donatus anampa mwanawe makombo."

"Nitalipeleka mwenyewe, ili wajue wa kumcheka."

Nyamizi akachukua kinu na zile karanga, akakaa chini kwa shida na tumbo lake, akaanza kutwanga. Mama alimtazama mkwewe aliyekuwa hajawahi kumpinga hata kwa kukohoa, kisha akatoka nje na kukaa kwenye jiwe.

Jioni ile nilikwenda shikome na ugali na mlenda. Nikaliweka bakuli kati ya mabakuli. Bartholomeo, ambaye kama nyapara ndiye aliyekuwa wa kwanza kunawa, alichovya kidole, akakiinua, na utelezi wa mlenda ukaninginia motoni.

"Donatus, dagaa wako wamekimbilia ziwani?"

"Wamo kwenye bakuli la Limi."

"Limi yupi?"

"Limi mwanangu. Anakula kwanza. Kikibaki, nitaleta."

Walidhani nafanya mzaha. Walipoona sicheki, kijana mmoja aitwaye Onesmo, mwimbaji wa kambi, ambaye kwenye mashindano ya ngoma alikuwa upande wa wapinzani wangu, akapiga makofi na kuanza:

*Donatusi kavaa kanga, mwana yuko mgongoni,*
*kauacha moto wetu, amehamia jikoni.*

Wakaitikia kwa furaha. Onesmo akaendelea mpaka akawaambia waniitie mkunga. Ningeweza kucheka nao, nikajikalia, na kesho yake dagaa wangerudi. Njia hiyo ilikuwa wazi na nyepesi. Nikasimama. Makofi yake yalikuwa bado yanapigwa, nikayaingilia kwa mapigo yaleyale:

*Jikoni nilizaliwa, nawe hutoki mbinguni;*
*nyama unayoimeza ni ya mwanao jikoni.*
*Ukishiba nenda kwake, bonyeza mguu chini;*
*shimo likibaki pale, jua umemla nani.*

Hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja alitema mfupa. Bartholomeo akanawa mikono upya, ingawa hakuwa amekula kitu.

"Umetutukana tukiwa na chakula mikononi," alisema. "Utatoa mbuzi. Mpaka utoe, hukai hapa, wala hakuna atakayekusaidia jambo. Paa lako likivuja, lizibe mwenyewe. Ukiwa na mgonjwa, mbebe mwenyewe."

"Kumbeba nimekwisha kujifunza," nikasema, nikachukua bakuli langu la mlenda nikaenda nalo.

Kuanzia hapo nilikula jikoni. Nilikaa chini karibu na mafiga, magoti yakigonga kidevu, na mama aliona heri alale njaa kuliko kula na mwanamume akiwa mle ndani. Mgodini niliachwa nisukume toroli peke yangu pale ambapo husukumwa na wawili. Sikuomba msaada. Nilisukuma, na asiyenisemesha nami sikumsemesha.

Uji wa Limi ulipikwa. Mwanzoni aliutema. Nyamizi alimchovya midomo, akamsubiri, akamchovya tena, kama mtu anayemfundisha ndama kunywa. Siku nyingine alikunywa kijiko, nyingine hakunywa. Halafu maji yakaanza kutoka, kama Serafina alivyosema.

Kusikia jambo ni kitu kimoja, kuliona kwa mwanao ni kingine. Mashavu yale yaliyosifiwa yaliporomoka. Shingo ikatoka kama ya kifaranga aliyenyeshewa. Miguu ikawa vijiti, na ngozi ikamlegea mapajani kama nguo ya mtu mwingine. Watu waliokuwa wakipita kumsifu sasa walipita kutazama. Herman dresa alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akatikisa kichwa.

"Nilikuambia usimzungushe."

"Ulimwona mara moja ukasema ameshiba."

"Na sasa unamwonaje wewe?"

Swali lile lilinichoma kuliko wimbo wa Onesmo. Nilipoinama kumtazama Limi, sauti ndani yangu iliuliza kama kiburi changu ndicho kinachomla. Niliikatalia. Nilikuwa nimechagua kwa akili yangu, nikiwa nimewasikia wote. Nikimwacha Serafina siku ileile aliyoniambia mapema kuwa ningetaka kumwacha, nitakuwa nimechagua nini?

Asubuhi moja nikamkuta mama amefunga mzigo wake, na Limi amefungwa mgongoni mwake. Lori la pamba lilikuwa linaondoka kwenda Shinyanga. Bartholomeo alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kushuhudia.

"Nampeleka nyumbani," mama alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Akafie penye ng'ombe na ndugu, si hapa."

"Nyapara, hii ni nyumba yangu," nikasema.

"Ni nyumba ya kambi," alijibu Bartholomeo. "Na bibi ana haki na mjukuu wake. Mpe nafasi, Donatus. Umekwisha kumharibu kiasi cha kutosha."

Nikasimama mlangoni. Sikumgusa mama, sikuzaliwa kumshika mama yangu mkono kwa nguvu. "Mayu, shikamoo," nikamwambia, maana asubuhi ile nilikuwa sijamsalimu.

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea.

"Lori linapita misheni. Nitapanda na wewe. Shuka pale, umwambie Serafina usoni kwake kuwa amemuua mjukuu wako. Ukishamwambia, nenda na Limi Ibadakuli. Mzigo nitakubebea mwenyewe mpaka kwenye gari."

Mama alikuwa mtu wa kusema usoni. Neno hilo lilimwingia. "Nitamwambia," alisema. "Nitamwambia mpaka asikie na aliyemzaa."

Na kweli alimwambia. Alishuka kwenye lori akianza kusema, akavuka uwanja akisema, na akina mama waliokuwa kwenye mkeka wakamgeukia wote. Serafina aliacha mizani, akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umemaliza, mama?"

"Sijamaliza. Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa. Nimezika wadogo zangu wawili, watoto wa mama yangu. Walikuwa wanene hivi. Kijiji kizima kiliwasifu mpaka siku ya kuwafukia."

Mama akakaza fundo la mbeleko.

"Mteremshe huyo mtoto," alisema Serafina. "Mimi sitamgusa. Mwanao alikuambia juu ya kidole?"

"Aliniambia."

"Bonyeza mwenyewe."

Mama alimkalisha Limi kwenye mkeka, akaushika ule mguu mwembamba, akaweka kidole gumba chake cha kutwangia, kigumu kama pembe, akabonyeza. Akaachia. Ngozi ikarudi. Hapakuwa na shimo. Akabonyeza tena, juu kidogo, kisha mguu wa pili, kisha akarudi wa kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Hakuna aliyemharakisha. Halafu Serafina akamwita mama mmoja aliyekuwa mgeni pale, mwenye mtoto wa mashavu mazuri, mkubwa, anayeng'aa.

"Na huyu mbonyeze."

Mama akambonyeza. Shimo likabaki. Akakitazama kidole chake, kisha akamtazama yule mama mwenzake, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa kudhani mwanawe anasifiwa.

"Kwa hiyo yule Limi mnene," mama alisema taratibu, "ndiye aliyekuwa anakufa."

"Ndiye."

"Na huyu?"

Kabla Serafina hajajibu, Limi alijibu mwenyewe. Mwanamke mmoja karibu yetu alikuwa amefungua kibuyu cha uji wa karanga kumlisha wa kwake. Harufu ikamfikia Limi. Alinyoosha mkono, hakupewa, na alipoona hapewi alifungua kinywa akalia. Hakikuwa kilio chembamba cha mgonjwa. Alilia kwa hasira, akapiga mkeka kwa visigino, akavuta kanga ya bibi yake, akalia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nyamizi hakuwepo kusikia, na mpaka leo namwonea huruma kwa hilo.

"Mpeni," alisema mama, akiwa ameanza kulia naye. "Mbona mnamtazama? Mpeni mtoto."

Lori lilipopiga honi hakugeuka. Alinituma nikamwambie dereva aende zake.

Mama alijifunza uji ule upya mbele ya Serafina, akaukosoa, akasema dagaa wakaangwe kwanza wakauke ndipo wasagwe, na Serafina akakubali kwamba ni bora. Walibishana juu ya chumvi. Walipoachana walikuwa wanaitana "wewe msichana" na "wewe mama", kwa ukali uleule, lakini mama alirudi na Limi mgongoni akamwambia kila tuliyekutana naye njiani ambonyeze mguu. Waliokataa aliwabonyezea.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kupakua chochote nyumbani kwangu kabla ya bakuli la Limi. Nilipojaribu siku moja kuchota dagaa kwa kidole, mama alinipiga mkono kwa mwiko.

Kuhusu mbuzi, Bartholomeo alimdai. Alituma watu, nikawarudisha. Alituma tena, nikawaambia mbuzi wangu, nikimpata, atakamuliwa maziwa ya Limi, na atakayemtaka akamnyang'anye mtoto. Shikome iliendelea bila mimi. Nilizoea kusikia nyimbo zake kwa mbali, na niligundua kuwa Onesmo hakuuimba tena ule wake. Mkewe alikuwa ameonekana njia ya Kharumwa, mtoto mgongoni, akipita mbali na kisima.

Jumapili moja baada ya misa, jua likiwa kali, Bartholomeo mwenyewe alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la nyapara, na ndani ya koti, kifuani, alikuwa ameficha kitu. Alisimama uani akakohoa. Nilikuwa jikoni, nakula na watu wangu. Sikutoka.

Aliinamisha kichwa akaingia. Aliyefichwa kotini alikuwa Marcel, mwanawe wa mwisho, mtoto ambaye mashavu yake yalikuwa yanasifiwa kambi nzima baada ya yale ya Limi kuporomoka. Alimkalisha magotini. Mtoto akabaki alivyowekwa.

"Mbuzi wa faini yuko palepale," alisema Bartholomeo, bila kuniangalia.

"Na mimi niko palepale, Mzee Bartholomeo. Karibu."

Alikuwa na kucha pana, zenye vumbi la mawe lisilotoka. Aliushika mguu wa Marcel, akauacha.

"Hubonyezwa na kidole kipi?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi niliyomwekea mtu huyu. Nilikuwa na mistari iliyokwisha kukaa sawa, yenye vina, ya kumwimbia siku atakapokuja. Nikamtazama Marcel, aliyekuwa anamtazama nzi akitembea juu ya mkono wake mwenyewe, nikaimeza yote.

"Gumba," nikamwambia. "Bonyeza, ushikilie, uachie."

Alibonyeza. Akashikilia muda mrefu, kama anayeogopa kuachia. Alipoachia, sote tuliliona shimo. Mama alikwisha kunyoosha mkono kuchukua bakuli jingine, na Nyamizi alikuwa anachota uji.

Limi alimwona mgeni na bakuli. Akalivuta lake kifuani, akalifunika kwa mikono miwili, akamkazia nyapara macho. Walitazamana hivyo kwa muda. Bartholomeo ndiye aliyeondoa macho kwanza.